MOTA ILIYOSIMAMA HAIJAFA



Mara nyingi katika ukurasa huu tumesema juu ya mishahara, nyumba na likizo. Leo twataka kusema juu ya mikono yetu. Mshahara uliopunjwa mwaka huu twaweza kuudai na kuupata mwaka ujao. Nyumba inayovuja yaweza kuezekwa upya. Lakini mkono uliokatwa na mashini, hakuna mkutano wala mapatano yawezayo kuurudisha. Kwa hiyo twaomba kila mwanachama ausome ukurasa huu mpaka mwisho, na yule ajuaye kusoma amsomee mwenzake asiyejua.

Mashamba ya nchi yetu siku hizi yamejaa mota za stima. Huko Naivasha zinavuta maji ya kunyunyizia maua. Huko Kiambu na Nyeri zinazungusha mashini za kumenya kahawa. Huko Kericho na Nandi zinapuliza hewa juu ya majani ya chai yanayonyaushwa, na kuzungusha mashini za kuyasaga. Kila mahali zinasaga unga, zinakata majani ya ng'ombe, zinakamua maziwa na kuvuta maji ya visima. Injini ya dizeli ina moshi na kelele, na kuiwasha ni kazi. Mtu hawezi kusahau kwamba iko. Mota ya stima haina moshi, ikisimama hukaa kimya kama jiwe, tena huanza mara moja bila kusukumwa na mtu. Hiyo ndiyo sifa yake, na hiyo hiyo ndiyo hatari yake.

Neno letu la leo ni moja tu: mota iliyosimama haijafa. Mashini inapozunguka kila mtu huiogopa. Ikisimama, hofu inaondoka, na mkono unaingia. Basi ni lazima tujue kwa nini mota husimama, na kwa nini huanza tena.

Sababu ya kwanza ni stima kupotea. Kila mtu katika Kenya aijua habari hii. Mambo huwa hivi. Mashini ya kukata majani imekabwa na nepia mbichi. Mara stima inapotea na mashini inasimama. Mfanyi kazi aona kwamba amepata nafasi nzuri ya kuondoa majani yaliyokwama, kwa maana visu vimetulia na nyapara hawezi kusema kwamba anapoteza wakati. Atia mkono. Lakini swichi iko wazi vile vile kama ilivyokuwa, na stima haipigi hodi inaporudi. Mota nyingi za mashambani huzunguka mara 1,440 kwa dakika, yaani mara 24 kwa kila sekunde moja, na hazichukui muda kufikia mwendo huo. Mkono hauna mbio za kushindana nao.

Dawa ya jambo hili ipo, nayo si mpya. Mota yapasa kuwashwa kwa stata iliyo sawa. Ndani ya stata hiyo mna sumaku ambayo hushika swichi wakati stima ipo. Stima ikipotea, sumaku inaachia, na stima ikirudi mota haianzi mpaka mtu abonyeze kidude cha kuwashia. Lakini mashamba mengine yameunga mota kwa swichi ya kawaida tu, au stata iliharibika na mtu akaifunga kwa waya ili kazi iendelee. Katika mahali kama hapo kila stima inaporudi mashini inaanza yenyewe. Si vigumu kujua hali ya mashini yako. Mwambieni fundi wa shamba aijaribu mbele ya msimamizi, mashini ikiwa tupu na watu wote wakiwa mbali: aikate stima kwenye swichi kubwa, angoje mpaka mota isimame kabisa, kisha airudishe. Mota ikianza yenyewe, stata hiyo si ya kuaminiwa, na jambo hilo liandikwe na kupelekwa ofisini siku ile ile.

Sababu ya pili haijulikani na wengi. Mota kubwa hutumia nyaya tatu za moto, ambazo mafundi huziita fezi. Fiuzi moja ikiungua, au waya mmoja ukikatika, mota husimama na kunguruma kama nyuki ndani ya mzinga, bila kuzunguka. Hapo wako watu ambao huvuta mkanda kwa mkono au kusukuma puli ili kuisaidia. Hili ni jambo baya sana. Mota iliyo katika hali hiyo yaweza kuchukua mwendo ghafula mara tu inaposukumwa, na vidole vya msukumaji viko kati ya mkanda na puli. Hata ile mota ndogo ya nyaya mbili hufanya vivyo hivyo kapasita yake ikiharibika. Tena mota inayonguruma bila kuzunguka inaungua ndani kila dakika inayopita. Mota ikinguruma, izime, iache, mwite fundi. Si kazi ya mkono.

Sababu ya tatu ni joto. Mota iliyobebeshwa mzigo mkubwa hupata moto, na kuna kizuizi ambacho huikata isiungue. Vizuizi vingine vimewekwa vikirudi vyenyewe baada ya kupoa, na mota inaanza tena bila mtu yeyote kuigusa. Kizuizi cha mashini ambayo watu huisafisha kwa mikono chapasa kuwa kile kisichorudi mpaka kibonyezwe. Na kizuizi kikikata mara mbili katika saa moja, kuna kitu kibaya: labda mzigo umezidi, labda beringi imekwisha, labda vumbi la unga limeziba matundu ya kupitisha hewa, labda waya ni mrefu na mwembamba mno hata stima inafika ikiwa dhaifu. Kukifunga kizuizi kwa kijiti ili kisikate ni kuichoma mota ya mwajiri na kuuhatarisha uhai wa mfanyi kazi kwa wakati mmoja.

Sababu ya nne ndiyo nyepesi kuliko zote, nayo ni hatari kama zile nyingine. Mtu ameizima mashini kwa kusudi, akaingia kusafisha. Mwenzake aliye upande wa pili hamwoni. Msimamizi apita, aona mashini imelala na kazi ni nyingi, aiwasha. Hakuna aliyetaka kumwumiza mtu. Lakini nia njema haisimamishi kisu.

Kwa sababu zote nne dawa ni ile ile, na twataka kila mwanachama aishike kama anavyoshika jina lake. Zima mota kwa kidude chake. Kisha zima swichi kubwa inayokata stima yote ya mashini hiyo, kwa maana kile kidude cha kusimamishia hakiondoi stima katika nyaya. Funga swichi hiyo kwa kufuli, na ufunguo uutie mfukoni mwako, si mfukoni mwa nyapara, wala usiuache umetundikwa ukutani. Kama watu wawili wanaingia katika mashini, yawe makufuli mawili, kila mtu na lake. Tundika kibao kisemacho: USIWASHE, MTU YUKO NDANI YA KAZI. Ngoja mpaka kila gurudumu limesimama, kwa maana magurudumu mazito huendelea kuzunguka baada ya stima kukatwa. Mwisho, jaribu kuiwasha. Ikikataa, bonyeza tena kidude cha kusimamishia, ndipo utie mkono. Mkono ule ulioingia ndani ndio wenye haki ya kushika ufunguo.

Sasa tuseme juu ya stima yenyewe, maana wengine hawakatwi, bali hushikwa. Stima ya mashambani kwetu ni volti 240 kwa mota ndogo na volti 415 kwa mota kubwa. Balbu ndogo ya wati 60 hula stima kiasi cha robo ya ampea. Sehemu moja tu kwa nane ya kiasi hicho, ikipita kifuani mwa mtu, yatosha kuuhatarisha moyo wake. Hata chini ya hapo misuli hujikunja, na mkono hauwezi kuachia kile ulichokishika. Mtu aliyesimama juu ya sakafu iliyolowa maji, katika chumba cha kukamulia au mahali pa kuoshea kahawa, stima humpitia upesi zaidi.

Wako wanaosema, "Si kuna fiuzi?" Fiuzi haikuwekwa kwa ajili ya mtu. Imewekwa kwa ajili ya waya, usipate moto ukaunguza nyumba. Fiuzi ya ampea 15 haikatiki mpaka ipite stima zaidi ya mara 500 ya ile ambayo tumesema yauhatarisha moyo. Mtu atakuwa amekwisha kufa na fiuzi haijui. Na ikiwa mahali pa fiuzi pametiwa msumari au waya wa kufungia ua, basi hata nyumba haina mlinzi.

Vitu viwili ndivyo vinavyomlinda mtu. Cha kwanza ni ule waya wa rangi ya kijani na manjano ambao huunga chuma cha mota na ardhi. Nyaya za ndani zikichubuka, kwa joto, kwa maji au kwa meno ya panya, stima huja juu ya chuma cha mota. Waya huu ukiwa mzima, stima inayovuja hupata njia ya kwenda zake na swichi hukata. Ukiwa umekatika, chuma kinangoja mtu wa kwanza kukigusa. Tazameni waya huo kila asubuhi kwa macho kabla mashini haijawashwa. Ukiwa umening'inia, mashini isiwashwe. Cha pili ni ile swichi ya usalama ambayo huhisi stima ikivuja na kukata kwa kufumba na kufumbua; kwa kulinda watu huwa ni ile ya miliampea 30. Ina kidude cha kuijaribu, na kidude hicho kimewekwa kibonyezwe, si kutazamwa tu. Tena mashini ikikuchoma hata kidogo, usiseme "ni kawaida yake" na kuvaa gambuti. Mota inayochoma kidogo leo yaweza kuua kesho mvua ikinyesha.

Yako mambo madogo ambayo hayahitaji maneno mengi. Mikanda, puli na shafti zifunikwe kwa vifuniko vya chuma vilivyokazwa. Leso, shuka, kitambaa cha kichwa kinachoning'inia na mikono mipana ya ovaroli visikaribie shafti inayozunguka, hata ikiwa ni laini isiyo na meno. Maji ya mpira yasielekezwe kwenye mota wala kwenye stata wakati wa kuosha. Na mota ikirudi kutoka kwa fundi, izungushwe kwanza bila mzigo, kwa maana nyaya mbili zikibadilishana mahali inazunguka kinyume.

Mwenzako akishikwa na stima, usimguse. Kimbia ukate swichi. Kama swichi iko mbali, msukume kwa ubao mkavu, nawe umesimama mahali pakavu. Lakini hayo ni kwa stima ya mashini tu. Kama ni zile nyaya za juu za nguzo, zenye volti 11,000 au 33,000, ubao haufai kitu. Kaa mbali na uwaite watu wa Kenya Power wakate. Mtu akiwa ameachiliwa na hapumui, mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua chake, ubonyeze kwa nguvu kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Na yule aliyepigwa na stima akasimama mwenyewe, apelekwe hospitali vile vile, maana moyo waweza kusumbuka baadaye.

Hayo yawahusu wafanyi kazi. Sasa twawageukia wenye mashamba.

Twawaambia waziwazi kwamba tahadhari ya mfanyi kazi haiwezi kushika mahali pa kifuniko. Tumezoea kusikia baada ya kila ajali kwamba aliyeumia alikuwa mzembe. Lakini nani alimweka kwenye mashini kibarua aliyekuja jana, asiyeonyeshwa hata swichi iko wapi? Nani aliyeagiza kazi ihesabiwe kwa kilo au kwa magunia, hata kila dakika ya kuzima mashini inatoka katika chakula cha watoto wa mfanyi kazi? Mtu akilipwa kwa gunia, atasafisha mashini ikizunguka. Si kwamba hajui hatari. Ajua, lakini ajua pia bei ya unga. Kwa hiyo twasema kwamba wakati wa kuzima mashini, kuifunga na kuisafisha ni wakati wa kazi, na lazima ulipwe kama wakati wa kazi.

Sheria iko upande wetu katika mambo haya. Sheria ya zamani ya viwanda, iliyoanza kazi mwaka 1951, iliangalia viwanda. Mwaka 1990 ilipanuliwa ishike mahali pengine pa kazi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yashika kila mahali ambapo watu wanafanya kazi, na mashamba pia. Sheria hiyo yamwagiza mwajiri aweke mashini zilizo salama, azifunike sehemu za hatari, awafundishe watu, na awape nguo na viatu vya kujikinga. Mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyi kazi wawe na wajumbe wao humo. Na neno hili kila mtu alikumbuke: mfanyi kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali pale hatari ikiwa haijaondolewa. Aliyeondoka kwa sababu ya kweli hawezi kufukuzwa wala kuadhibiwa. Kazi ya nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Si kazi ya mlinzi, wala ya dereva wa trakta, wala ya yeyote ajuaye kushika bisibisi.

Wengine watasema kwamba fidia ipo. Ni kweli, ipo, na aliyeumia asikubali kuikosa: amwarifu mwajiri mara moja, ahakikishe ajali imeandikwa, na dai lake lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Lakini tuipime fidia yenyewe. Sheria ya mwaka 2007 yamhesabia mtu aliyelemaa kabisa mshahara wa miezi 96. Hiyo ni miaka minane. Kijana wa miaka 25 akilemaa leo, fedha hizo zimehesabiwa kumfikisha miaka 33. Baada ya hapo ale nini? Na mshahara wa shamba twaujua ulivyo. Haifai mtu kuuza mikono yake miwili kwa bei hiyo, na haifai mwajiri kufikiri kwamba fidia ni badala ya kufuli, kitu kinachouzwa katika duka lolote la sokoni.

Kwa hiyo twawataka wajumbe wetu katika kila shamba wapeleke mambo haya matano ofisini mwezi huu, kwa maandishi, na kubaki na nakala:

1. Kila mashini iwe na swichi yake kubwa iwezayo kufungwa kwa kufuli, na kila mtu anayesafisha au kutengeneza apewe kufuli lake.

2. Kila mota ambayo ikianza yenyewe yaweza kumwumiza mtu iwe na stata isiyoanza yenyewe stima inaporudi, na ijaribiwe mbele ya mjumbe wa wafanyi kazi.

3. Vifuniko vyote vilivyotolewa virudishwe, na mashini isiyo na kifuniko isifanye kazi.

4. Waya wa ardhini na swichi ya usalama vipimwe na fundi mwenye leseni, na karatasi ya vipimo ionyeshwe kwa kamati.

5. Wakati wa kuzima na kusafisha ulipwe, hata kwa wale wanaofanya kazi kwa kipimo.

Ofisi ikikataa au ikinyamaza, mjumbe aulete waraka huo kwa Chama, nasi tutaupeleka kwa wakaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Hatuombi zawadi. Twataka yale yaliyoandikwa katika sheria ya nchi.

Na kwenu, ndugu zetu, tuna ombi moja. Yuko mtu katika kila shamba ambaye husifiwa kwa kuwa hodari, kwa sababu hutia mkono mashini ikizunguka na hajaumia bado. Msimsifu. Vijana wanamtazama, na watamwiga. Hodari ni yule anayesema mbele ya nyapara, "Bwana, nangoja mpaka niifunge," na wenzake wote wakasimama naye. Mtu mmoja akisema hivyo ataitwa mvivu. Watu arobaini wakisema hivyo, hiyo itakuwa ndiyo desturi ya shamba.

Zima. Funga. Jaribu. Ndipo ushike.

Umoja ni nguvu.